Antena ndani ya ndoo ya mahindi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na leo nitawaeleza sababu. Nilikuwa nyumbani Nyamira nikipima mahindi kwa antena. Ndiyo, antena! Msinicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Mwaka jana mama yangu alipoteza magunia matatu. Kwetu, upande wa Kebirigo, mvua inapita milimita 1,500 kwa mwaka, na wakati wa kuvuna Agosti hunyesha karibu kila alasiri. Unaanika asubuhi, saa nane unakimbia na turubai. Mahindi yale yaliwekwa guniani kabla hayajakauka vizuri, yakashika kuvu, tukayatupa yote. Nafuu hasara kuliko ugonjwa. Mnakumbuka mwaka 2004 kule Makueni na Kitui? Watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu, yaani aflatoksini, na 125 wakafa.

Kiwango kinachokubalika kwa mahindi ya kuhifadhi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Swali ni, mtu wa kijijini atajuaje? Mama hung'ata punje na kusikiliza inavyolia. Mimi nilisomea kompyuta chuo kikuu, nikaona hapa pana kazi yangu.

Wazo lenyewe si langu, ni fizikia ya kawaida. Kila kitu kina namba inayoonyesha jinsi kinavyoitikia umeme, inaitwa permitiviti. Hewa ni 1, nafaka kavu ni chache tu, lakini maji ni karibu 80! Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, kwa hiyo hugeuka-geuka kufuata wimbi. Wimbi la redio likipita penye maji hupunguza mwendo, kama mtu aliyetoka kwenye lami akaingia kwenye tope letu la Nyamira.

Sasa chukua waya wa sentimita 17.3. Hewani waya huo hupokea vizuri zaidi masafa ya megahezi 433, kwa sababu urefu wake ni robo ya wimbi. Ufukie katika kitu chenye permitiviti ya 4: wimbi linakwenda nusu ya mwendo, na masafa yanashuka hadi nusu, kama megahezi 216. Urefu wa waya haujabadilika, kilichobadilika ni kilichouzunguka. Kwa hiyo ukisoma masafa, umesoma kile kitu. Satelaiti ya SMAP ya NASA, iliyorushwa Januari 2015, inategemea jambo hilohilo la maji na permitiviti ili kukadiria unyevu wa udongo ikiwa huko juu angani.

Nilitoboa ndoo ya plastiki ya lita 20 chini, nikaweka bati, nikasimamisha waya katikati. Nikaunganisha NanoVNA, kifaa kidogo cha mkononi kinachoonyesha antena inapokea masafa gani. Nikaandika programu fupi kwa Python.

Kisha nikahitaji mahindi ambayo unyevu wake naujua kwa hakika. Njia ya kutegemewa ni oveni: punje nzima, nyuzi 103, saa 72, unapima uzito kabla na baada. Nilifanya hivyo kwenye chumba changu mjini Kisii, tokeni za stima zikaisha mara mbili. Lakini nilipata mstari safi kabisa kwenye grafu. Nilifurahi sana!

Basi nikaenda nyumbani na ndoo yangu. Nikamimina mahindi ya mama, programu ikasema megahezi 262, unyevu asilimia 13.2. Nikamwambia, "Mama, tia guniani."

Mama akachukua punje, akang'ata. "Baba, haya hayajakauka."

Nikamwonyesha kompyuta. Akaitazama kwa heshima, kisha akaniuliza, "Hiyo inajua mvua ya juzi?"

Nikaona tuamuliwe na chupa. Hii ni njia ya zamani: chupa kavu ya kioo, chumvi kavu, mahindi kiasi, unatikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Ilinata.

Usiku ule nilipekua programu yangu mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa. Asubuhi niliibeba ndoo ileile kutoka jikoni hadi uani, mahindi yakatikisika njiani, nikasoma tena: megahezi 251! Mahindi ni yaleyale, maji ni yaleyale.

Hapo nikaelewa. Mjini nilikuwa nikigonga ndoo mara kadhaa ili mahindi yashikamane, kwa mazoea tu, bila kuandika popote. Nyumbani nilimimina tu. Katikati ya punje kukabaki hewa nyingi, na hewa ni 1. Antena haipimi maji peke yake, inapima kila kilicho karibu nayo, hata hewa. Mimi nikaihesabu hewa kama ukavu.

Dawa yake ni rahisi: pima pia uzito. Jaza ndoo hadi alama ileile, iweke kwenye mizani, na programu itajua punje zimeshikamana kiasi gani. Nilipoongeza uzito kwenye hesabu, namba ikatoka asilimia 16 na kitu. Mama alikuwa sahihi.

Nawaza sana kuhusu ile 13.2. Ilionekana nzuri, na ile nukta ndiyo iliyonidanganya. Kama mama angekuwa mtu wa kuogopa kompyuta, magunia yangeoza tena, au tungeyala.

Mahindi yalianikwa siku nne zaidi. Nikimaliza kupima mavuno yajayo, kwa mizani safari hii, nitawaletea matokeo. Na wewe unayetaka kujaribu, usitupe chupa yako ya chumvi.