Mkono wa Suárez na Mkono Wangu

Usiku wa tarehe 2 Julai, 2010, tulijazana vijana wengi katika kibanda cha televisheni sokoni kwetu, wengine tumeketi, wengine tumeninginia madirishani, kuitazama Ghana ikicheza na Uruguay mjini Johannesburg. Hapana hata mmoja wetu aliyepata kukanyaga ardhi ya Ghana, lakini usiku ule sote tulikuwa Waghana. Mpaka siku ile hapakuwa na timu ya Kiafrika iliyowahi kuingia nusu fainali ya Kombe la Dunia, na hao walikuwa wamebakiza hatua moja tu.

Mchezo ulikuwa sare, bao moja kwa moja. Katika dakika ya 120, Dominic Adiyiah aliupiga mpira kwa kichwa ukaelekea langoni. Luis Suárez, mshambuliaji wa Uruguay, alikuwa amesimama mstarini. Akautoa kwa mikono yake miwili kana kwamba yeye ndiye mlinda lango. Refa akamtoa nje kwa kadi nyekundu, akawapa Ghana penalti. Asamoah Gyan akapiga. Mpira ukagonga mwamba wa juu, ukapaa. Suárez, aliyekuwa akitoka huku analia, tukamwona anarukaruka kwa furaha. Zilipopigwa penalti za kuamua mshindi, Uruguay walishinda 4 kwa 2.

Nilirudi nyumbani nikimwita mwizi, na kwa miaka kadhaa sikumpa jina jingine.

Sasa, msomaji wangu, nataka nikuambie habari ambayo wanafunzi wangu hawajapata kuisikia. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilicheza nyuma katika timu ya chuo. Siku moja tuliwakaribisha wageni, tukawa tunaongoza kwa bao moja. Dakika za mwisho mpira ulimpita mlinda lango wetu. Nami nilikuwa mstarini, katikati ya msongamano wa watu. Niliupangua kwa mkono, refa asione. Wageni wakapiga kelele. Refa, mzee mpole, akanijia akaniuliza, "Umeushika?" Nikamjibu, "Hapana, mwalimu, umenigonga bega." Akaniamini, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa kesho. Tukashinda, nikabebwa juu juu. Kijana aliyeupiga ule mpira alikuja kuniaga. Aliutazama mkono wangu kwanza, kisha akaushika, asiseme neno.

Tangu siku hiyo sikuweza kumfikiri Suárez kama zamani. Yeye alivunja sheria mbele ya macho ya ulimwengu, na sheria ikamhukumu palepale: alitolewa nje, wapinzani wakapewa penalti, na nusu fainali, ambayo Uruguay walifungwa na Uholanzi 3 kwa 2, aliitazama tu. Gyan kukosa hakukuwa deni lake. Mimi sikulipa hata senti, na juu ya hayo nilisema uongo.

Lakini usidhani namtetea. Mwaka uleule wa 2010, akiichezea Ajax, alimng'ata Otman Bakkal wa PSV. Mwaka 2013, akiwa Liverpool, akamng'ata Branislav Ivanović wa Chelsea, akafungiwa michezo 10. Katika Kombe la Dunia la 2014 akamng'ata Giorgio Chiellini wa Italia, akafungiwa michezo 9 ya kimataifa, na miezi minne asicheze kandanda popote. Mtoto anayeota meno twamsamehe. Huyu alikuwa na miaka 27, naye ni baba wa watoto.

Na meno si jambo zito kuliko yote. Oktoba 2011 alimtolea Patrice Evra wa Manchester United, Mfaransa aliyezaliwa Dakar, maneno ya kuitaja rangi yake. Suárez alidai kwamba hakukusudia tusi. Tume ya Chama cha Kandanda cha Uingereza haikukubali, ikamfungia michezo 8 na kumtoza faini ya pauni 40,000. Walipokutana tena Februari 2012, alikataa kumpa Evra mkono, na kesho yake akaomba radhi kwa kitendo hicho. Ajabu ni kwamba sokoni kwetu, likitajwa jina la Suárez, watu hukumbuka Ghana tu. Habari ya Evra sijasikia ikitajwa hata mara moja. Bao lililopotea lilituuma kuliko heshima ya mtu.

Desemba 2022, Ghana na Uruguay walikutana tena, nchini Qatar. Suárez alipoulizwa kama ataomba radhi, alikataa, akasema si yeye aliyeikosa penalti. Uruguay walishinda 2 kwa 0, lakini ushindi huo haukutosha, na timu zote mbili zikatolewa. Suárez alilia benchini. Mdogo wangu, tuliyekuwa tukitazama pamoja, alipiga makofi, kisha akaniuliza, "Kaka, mbona wewe hufurahi?" Nikazima televisheni, nikamsimulia habari ya mchezo wa chuo. Wewe ni wa pili kuisikia.