Siku Nilipopiga Gobore



Je, umewahi kushika gobore? Labda umeliona tu kwa mzee fulani, limetundikwa ukutani na kujaa vumbi. Mimi nililishika mara ya kwanza mwaka 1974, hapa kwetu Sikonge. Nilikuwa kijana wa miaka 21. Nataka nikusimulie siku hiyo, maana nusura nijiue, na mjomba wangu pamoja nami.

Miaka ile watu walikuwa wakihamia katika vijiji. Sisi nasi tulihama. Shamba letu jipya la muhogo lilikuwa ukingoni mwa msitu wa miyombo. Nguruwe mwitu wakaliona kabla hatujala hata muhogo mmoja. Asubuhi moja tulikuta wamefukua shamba karibu nusu. Mama alikaa chini juu ya tuta, akashika shavu, asiseme neno.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa na gobore la leseni. Lakini macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Akaniita, akasema, "Mpwa wangu, muhogo wa dada yangu unaliwa. Njoo ujifunze. Ukishajua, twende Tabora tukakuombee kibali."

Labda utauliza, bunduki hizi zilifikaje kwetu? Zilikuja na misafara. Zamani njia kuu ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tabora. Wapagazi walishuka pwani na pembe za ndovu, wakarudi na nguo, shanga, bunduki na baruti. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alipata nguvu zake kwa askari wenye bunduki kama hizo. Isike, mtemi wa Unyanyembe, alipigana na Wajerumani. Januari mwaka 1893 walipoingia ndani ya boma lake pale Tabora, aliilipua baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, nchi ya Ubelgiji. Yakapatana kuzuia bunduki za kisasa zisiuzwe Afrika. Yakaacha mlango mdogo kwa magumegume, yaani bunduki za jiwe, na kwa baruti ya kawaida. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya bunduki za kushindilia zidumu sana mikononi mwa watu wetu.

Sasa turudi kwa mjomba. Hakunipeleka kwa nguruwe. Alinipeleka kwenye kichuguu kikubwa, mbali na njia na mbali na nyumba. Mbele ya kichuguu alisimamisha kibuyu kilichopasuka. Hiyo ndiyo ilikuwa shabaha yangu. Alisema kichuguu ni kizuri kwa kuwa kinameza risasi. Ukiikosa shabaha, risasi haiendi kumtafuta mtu.

Gobore halipakiwi kwa nyuma. Hupakiwa kwa mdomoni. Kwanza unamimina baruti iliyopimwa. Mjomba alipima kwa pembe ndogo ya swala. Kisha unatia kitambaa, unashindilia kwa mdeki, yaani ile fimbo ndefu inayokaa chini ya mtutu. Kisha risasi, kisha kitambaa tena, unashindilia tena. Mwisho kabisa unaweka fataki pale nyuma, chini ya mtambo. Fataki huwekwa mwisho siku zote. Mjomba alinirudisha neno hilo mara tatu, kama mwalimu na darasa lake.

Baruti yenyewe ni ile nyeusi, ya shura, kiberiti na makaa. Baruti ya risasi za kisasa ni kitu kingine, ina nguvu nyingi mno. Ukiitia katika gobore, mtutu unaweza kupasuka usoni pako.

Basi nikaweka kitako begani. Nikalenga. Nikafyatua.

Kwanza nilisikia fataki, kisha mshindo. Bega lilipigwa kama kwa mchi. Mbele yangu palikuwa na moshi mweupe, mnene, wenye harufu ya yai bovu, nisione kichuguu wala kibuyu. Moshi ulipoondoka, kibuyu kilikuwa kimesimama palepale kikinitazama. Mjomba alicheka mpaka akashika mti.

"Pakia tena," akasema.

Nikaanza. Nilikuwa nimetia baruti, kitambaa na risasi, nimeshashindilia, tuliposikia sauti za akina mama. Walikuwa wamekuja kuokota kuni, wameshangazwa na ule mshindo. Mjomba akaniambia nilaze gobore chini, twende kuwasalimu na kuwaomba wapite upande mwingine. Salamu za huku kwetu unazijua. Watoto hawajambo? Mvua je? Na yule mgonjwa? Tuliporudi, muda mrefu ulikuwa umepita.

Nikaliinua gobore. Je, nilikuwa nimeshatia baruti? Sikukumbuka. Kwa nje gobore lililojaa na gobore tupu ni sawasawa. Ningemwuliza mjomba, mambo yangekwisha. Lakini alikuwa amenicheka, nami nilikuwa kijana. Niliona haya. Nikamimina baruti nyingine, nikatia risasi nyingine, nikashindilia.

Nikachukua fataki. Mjomba akanishika mkono.

Hakunitazama mimi. Alitazama mdeki, ambao nilikuwa bado sijauchomoa mtutuni. Kwenye mdeki ule alikuwa amekata alama mbili kwa kisu. Mtutu ukiwa mtupu, mdeki huzama mpaka alama ya juu. Ukiwa umejaa mara moja, huzama mpaka alama ya chini tu. Siku ile alama zote mbili zilikuwa nje, na hata hiyo ya chini ilikuwa imepita mdomo wa mtutu kwa vidole vinne.

Mjomba alininyang'anya fataki, akaketi chini. Niliona mikono yake inatetemeka. Baada ya muda akasema, "Namfahamu mtu aliyefanya hivyo. Mpaka leo anafunga kamba za mizinga yake kwa meno, maana mkono wake mmoja haupo."

Alimimina maji mdomoni mwa mtutu, akayaacha yalowanishe baruti yote. Tukaenda nyumbani. Jioni alichomoa vitambaa na risasi zote mbili kwa chuma kilichosokotwa, akaosha mtutu kwa maji ya moto, maana masizi ya baruti huvuta unyevu na kuleta kutu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Tulirudi kichuguuni juma lililofuata. Safari hii nilitia mdeki kabla ya kila jambo. Kibuyu nilikipata kwa risasi ya nne. Mwaka uliofuata nilipata kibali changu, na nguruwe wawili walilipa muhogo wa mama.

Mjomba naye wakati ule alikuwa akisoma darasa la watu wazima, chini ya mwembe. Kabla ya hapo leseni yake alikuwa akisomewa na wengine. Alipojua kuandika, alichukua msumari, akauweka motoni, akaandika maneno mawili kwenye mdeki. Kwenye alama ya juu aliandika TUPU. Kwenye ya chini aliandika LIMEJAA. Herufi ya P aliigeuza nyuma mbele, lakini ilisomeka.

Alifariki mwaka 1988. Leseni ya bunduki ni ya mtu mwenyewe, huwezi kuirithi kama jembe. Leo pia iko hivyo. Ukiwa na gobore lisilo na kibali, au lililotengenezwa kwa bomba na fundi wa kijijini, una kosa mbele ya sheria. Kwa hiyo nililichukua gobore la mjomba, nikalipeleka polisi.

Askari kijana alikuwa zamu. Alilitazama kwa mbali, hakutaka kuligusa.

"Mzee, hili lina kitu ndani?"

Nikauzamisha mdeki taratibu mpaka ukagonga chini. Kisha nikamwelekezea pale ulipokutana na mdomo wa mtutu. Akainama, akaweka kidole juu ya herufi zilizoungua, akasoma kwa sauti.

"Tupu," akasema, akalipokea.