Si chamshakinywa, si chamcha

Waingereza wana neno lao, branchi, lililotokana na kuunganisha majina ya chakula cha asubuhi na cha mchana. Aliyekipigia debe chakula hicho ni mwandishi Guy Beringer, katika jarida la Hunter's Weekly mwaka wa 1895. Alitaka waliokesha Jumamosi wasilazimike kurauka Jumapili. Waanze na chai karibu na adhuhuri, kisha wasogee kwenye vyakula vizito.

Siku hizi mahoteli makubwa ya Nairobi na pwani huandaa mlo huo, ingawa bei yake si ya kila mfuko. Lakini hebu msomaji utembee Mji wa Kale, Mombasa, uone wenyeji walivyolimaliza jambo hili bila makeke.

Vichochoroni karibu na Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, harufu ya iliki hukulaki mapema. Unga wa mahamri hukandwa kwa tui, sukari na hamira, ukaachwa uumuke, kisha yakakaangwa hadi yakafura. Mbaazi hurowekwa tangu usiku. Zikishaiva hutiwa tui jepesi, na tui zito huja mwisho kwa moto mdogo, lisije likakatika.

Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo sababu jamaa wengi hununua kwa jirani apikaye biashara. Mtoto hutumwa na bakuli, naye mama wa nyumba akapata kuketi.

Je, huliwa saa ngapi? Ukila saa moja, hicho ni chamshakinywa. Ukingoja saa saba, ni chamcha. Wakati wake hasa ni kati ya saa nne na saa sita. Lakini mtume mtoto mapema, kwani chelewa chelewa utakuta sufuria imekwanguliwa.

Sharti la pili ni kwamba mlo huu usiwe nyongeza. Aliyekula mkate alfajiri, mahamri saa nne na wali saa saba amekula mara tatu, na mpishi wake hakupumzika hata kidogo.

Ndugu zetu wa bara nao wana chai yao ya saa nne, kwa viazi vitamu au nduma. Basi Jumapili moja iongezeni, muifanye mlo kamili, na jiko lilale hadi jioni. Mama atawashukuru.