Kahawa imekuwa pori: tukate ama tungoje?



Tangu mavuno ya kahawa yaanze kumalizika, swali moja linanifuata kila mahali ninapopita na mikro yangu huku teritware ya Kalehe, kuanzia Minova mpaka Nyabibwe na kwenye vilima vya juu. Siyo swali la bei wala la barabara. Watu waliorudi wanasema: "Tumekuta kahawa imekuwa pori. Tukate ama tungoje?" Wale ambao hawajarudi wanatuma kijana kwenda kuangalia shamba, na kijana anarudi na jibu hilo hilo: pori.

Mimi si agronomu. Nilimaliza sekondari, nikafuata mafunzo ya uandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza na kusikiliza. Lakini pesa zangu za shule zilitoka kwenye kahawa, na mikono yangu inajua msumeno tangu utoto. Kwa hiyo leo nitasema ninayoyajua, pamoja na yale niliyoyapata kwa wakulima wenye uzoefu na kwa maagronomu niliowahoji miaka hii yote.

Kwanza tuelewane kwa nini mti wa kahawa unakatwa. Kahawa yetu ya milima, arabika, haizai mahali pamoja mara mbili. Tunda linatoka kwenye vifundo vya tawi lililokua mwaka uliopita. Kifundo kikishazaa, kimemaliza kazi yake, na mwaka unaofuata mti unazaa mbele kidogo, kuelekea ncha. Usipoukata miaka mingi, matunda yanakimbilia kwenye ncha za matawi na juu kabisa, na katikati panabaki fimbo kavu. Mti unaonekana mkubwa, una majani mengi, lakini ukihesabu kilo unashangaa. Nguvu yake yote inalisha miti mitupu.

Tena pori hilo lina wakaaji wake. Matunda yaliyobaki mtini na yaliyoanguka chini yanamfuga mdudu mdogo mweusi anayetoboa mbegu. Kwenye majani mazito yasiyopitisha jua anajificha mdudu mwingine, antestia, mwenye mabaka meusi, meupe na ya rangi ya machungwa. Huyu ndiye anayehusishwa na ile ladha ya kiazi inayowakasirisha wanunuzi wa kahawa ya Kivu, ya Rwanda na ya Burundi. Kikombe kimoja kikinuka kiazi kibichi, mnunuzi anatilia mashaka kahawa yote. Kutu ya majani nayo inapenda mahali penye unyevu pasipopita upepo. Kwa hiyo kungoja si bure. Mtu anayesema "nimeacha kwanza" analipa kila mwaka, ila analipa bila kuona.

Sasa mbona watu wanasita? Wakulima wetu si wavivu. Nitawaeleza habari ya shangazi yangu, kwa ruhusa yake.

Yeye ni mjane. Alikimbia na wajukuu watatu, akakaa mbali na shamba mwaka mmoja na miezi minne. Aliporudi alikuta miti yake, kama 400 hivi, imefungana matawi. Matunda yako juu, watoto wanapanda na kuvunja. Nilipomwambia kwamba miti hii inataka kukatwa mpaka chini, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mtoto wangu, nikikata leo, miaka miwili nitanunua chumvi na nini? Na vita vikirudi, si nitakuwa nimewakatia watu wengine?"

Sikuwa na jibu la kumpa siku ile, na sidhani kuna mtu wa ofisi mwenye jibu hilo. Kukata mti wa kahawa ni kusema kwamba miaka mitatu ijayo utakuwepo hapa. Mtu aliyekimbia mara nne atasemaje hivyo?

Wazee wanakumbuka kwamba si mara ya kwanza. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya kahawa yalipovunjika, bei ilianguka dunia nzima, na wengi wakaacha kukata. Kisha vita vya 1996, kisha vya 1998. Kuna miaka ambapo baba zetu walipakia magunia kwenye mitumbwi na kuvuka ziwa Kivu usiku ili wauze upande wa pili, na wengine walizama na kahawa yao. Nani alikuwa na moyo wa kupogoa wakati huo? Kwa hiyo miti mingi tunayoiona leo haikuachwa mwaka jana tu. Imengoja amani tangu sisi tukiwa watoto, na mingine imezeeka ikingoja.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema tungoje mpaka mambo yatulie kabisa. Lakini sikubaliani pia na wale wanaofika na koti la mradi, wanakusanya watu, wanasema shamba lote likatwe ndani ya juma moja ili wapige picha za kazi iliyokamilika. Picha wanaondoka nayo. Mama anabaki na visiki.

Kati ya hayo mawili kuna njia ambayo wakulima wenyewe wanaijua: kata theluthi moja. Ukiwa na mistari mitatu, mwaka huu kata mmoja, mwaka ujao wa pili, mwaka wa tatu wa mwisho. Shangazi mwenye miti 400 anakata kama 130. Ile 270 iliyobaki anaisafisha tu, na inaendelea kumpa kitu. Ikitokea akahama tena, Mungu apishie mbali, hatakuwa amepoteza mavuno yote kwa ajili ya matumaini. Na akibaki, baada ya miaka mitatu shamba lote ni jipya.

Wakati wake ni huu: mara tu mavuno yanapomalizika, ndani ya kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Mti umeshazaa, unapumzika. Mvua zikianza, machipukizi yanatoka kwa nguvu. Ukikata katikati ya mvua, kidonda kinakaa na maji na kinaoza. Ukichelewa mpaka maua yametoka, unakata mavuno yako mwenyewe.

Kabla ya kugusa tawi, vuna matunda yote yaliyobaki, hata yale makavu, na uokote ya chini. Yachome ama uyazike kwa kina. Ukiyaacha, yule mdudu atahamia kwenye mavuno yajayo.

Kwa miti unayosafisha tu, ingia na sekatere na uangalie kwa utulivu. Toa matawi yaliyokufa na yenye ugonjwa. Toa yanayogusa udongo, na yale yanayopandana katikati. Toa machipukizi yaliyosimama wima kutoka shinani, ubakize mashina mawili ama matatu yenye nguvu. Shina likizidi urefu wa mtu, kata kichwa chake ili mkono wa mvunaji ufike bila kuvunja. Ukimaliza, simama chini ya mti utazame juu: jua likikufikia usoni kwa vipande vipande, inatosha. Ukiona giza, bado. Ukiona mbingu yote, umezidisha.

Kwa miti unayokata mpaka chini, tumia msumeno. Najua panga liko karibu na msumeno unaazimwa, lakini panga linapasua kisiki, na ufa ni mlango wa uozo. Kata kwenye urefu wa sentimeta 30 hivi kutoka ardhini, chini ya goti, na ukate kwa kulaza ili maji ya mvua yateleze. Kama mti una mashina zaidi ya moja, unaweza kuacha moja jembamba lenye majani limlishe mwenzake wakati machipukizi yanatafuta nguvu, kisha ulikate baadaye. Ukitoka kwenye mti mgonjwa, pitisha chuma kwenye moto ama ukipanguse kwa javeli kabla ya kwenda kwenye mti mzima.

Baada ya miezi miwili ama mitatu kisiki kitakuwa na machipukizi kama nywele. Hapo ndipo wengi wanaharibu, kwa kuhurumia. Chagua mawili ama matatu tu, yenye afya, yaliyotoka vidole vichache chini ya mkato, kila moja upande wake. Mengine yang'oe kwa mkono yakiwa bado laini. Rudi tena baada ya mwezi, maana yatatoka mengine. Ukiyaacha yote, baada ya miaka miwili unarudi kwenye pori lile lile ulilolikata.

Sasa juu ya tumbo. Ukikata mwezi wa saba, mti huo hautakupa kitu mavuno yajayo. Mavuno ya pili yatakuwa madogo. Ya tatu ndiyo yatajaza gunia. Lakini mstari uliokatwa umefungua jua, na kwenye jua unaweza kupanda maharage mvua zinapoanza. Ndani ya miezi mitatu hivi kuna chakula nyumbani. Usipande mihogo karibu na visiki, itanyang'anya udongo na kufunika machipukizi. Matawi uliyokata ni kuni, na wanaonunua makaa wanajua thamani yake. Majani na vitawi vidogo vitandaze chini kati ya mistari, ukikingama mteremko. Sisi wa Kalehe hatuhitaji kufundishwa maji yanafanya nini kwenye kilima kitupu. Tangu tarehe 4 mwezi wa tano 2023, Bushushu na Nyamukubi wanajua. Ndiyo sababu nyingine ya kutokata kilima chote kwa mara moja, na ya kuacha miti ya kivuli kama grevilea mahali pake.

Liko jambo moja ambalo maagronomu hawalitaji, nalo linawaumiza wajane kuliko wadudu. Katika desturi ya ardhi ya huku Kivu ya Kusini, mwenye kalinzi anaruhusiwa kupanda miti ya kudumu. Mwenye bwasa, yaani anayekodi kwa muda, anapanda maharage na mboga tu. Kwa hiyo mti wa kahawa ni shahidi wa shamba. Ukiukata, mtu mwenye tamaa anaweza kusema: "Hapa pametupwa, hapana mwenyewe." Shangazi alishaanza kusikia maneno ya namna hiyo kutoka kwa watu wa ukoo wa marehemu mumewe.

Alifanya hivi. Kabla ya kukata alimwita chifu wa kijiji na majirani wawili waliopakana naye, wakazunguka shamba pamoja, wakahesabu miti, wakaandika kwenye karatasi kwamba mwenye shamba anafufua kahawa yake, haiondoi. Kila mmoja akatia sahihi. Theluthi ya kwanza aliichagua katikati. Mistari ya mipakani na ya kando ya njia ataikata mwaka wa mwisho. Mpita njia anaona kahawa imesimama, na anayetaka kugombana anakuta karatasi.

Nawaomba wajane na watoto walioachiwa mashamba wafanye vivyo hivyo. Na ninyi ambao hamjarudi, mkimtuma kijana, msimwambie tu "safisha". Mwambieni ahesabu miti, avune matunda makavu, ang'oe machipukizi yasiyotakiwa. Kazi hiyo haihitaji msumeno wala haipotezi mavuno, na anaweza kuifanya siku mbili akarudi. Kukata visiki kungoje mpaka mwenye shamba asimame mwenyewe pale, isipokuwa kama kuna ndugu wa kuaminika.

Kwa msumeno, fanyeni salongo. Familia tano zikiungana, zinanunua mmoja na sekatere mbili, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Upande wa Minova nimeona kikundi cha akina mama kinachofanya hivyo siku ya posho, na kabla ya saa sita mstari umekwisha. Na wenye koperative, ulizeni kama ina mtu wa shambani anayeweza kuja kuonyesha mti wa kwanza. Mti mmoja ukikatwa mbele ya macho yako unakufundisha kuliko makala hii yote.

Shangazi amekata miti 127. Aliihesabu mwenyewe. Aliacha pale alipochoka, na kwa sababu mjukuu mkubwa alikuwa ameanza kuhoma. Maharage ameshayatenga kwenye kikapu, yanangoja mvua. Aliponipigia mara ya mwisho hakuniuliza habari za vita. Aliuliza kama machipukizi mawili yanatosha kwenye kisiki chembamba. Nilimjibu kwamba yanatosha.

Siku za kiangazi zilizobaki si nyingi. Mwenye swali anipigie ama anikute sokoni, nami nitalipeleka kwa wanaojua kuliko mimi.