Nani Anamsubiri Nani

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, tulipokuwa tukisoma hesabu za kukadiria chuoni, kila njia ilipimwa kwa swali moja: unazidisha mara ngapi? Kutatua milinganyo n kwa njia ya Gauss kuligharimu kuzidisha takriban mara n³/3, na aliyepunguza hata kidogo alihesabiwa fundi. Kwa kipimo hicho Jacobi, mwenye njia ya kukadiria kwa raundi, hakuwa na mtetezi. Tulipewa bamba la chuma ambalo joto la kingo zake linajulikana, tukaligawa vijiraba, na kila nukta ikawa inachukua wastani wa jirani zake wanne, raundi baada ya raundi, mpaka namba zitulie. Jacobi hutumia thamani za raundi iliyopita tu. Njia ya Gauss-Seidel hutumia thamani mpya mara inapopatikana, na kwa tatizo la aina hii raundi zake huwa karibu nusu. Mwalimu alimpa Jacobi dakika chache, akafuta ubao.

Nilipokwenda Uingereza kusoma zaidi nikakuta maprofesa wanamfufua.

Sababu yenyewe ilikuwa mezani: transputa, chipu ya kampuni ya Inmos ya Bristol, yenye prosesa, kumbukumbu kidogo na njia nne za kuzungumza na chipu nyingine. Tulikuwa tukiziunganisha wenyewe kwa nyaya fupi, kila moja na majirani zake, mpaka zikafanana na gridi ya lile bamba. Katika Occam, lugha ya kuziprogramu, mtumaji hasogei mpaka mpokeaji apokee, kwa hiyo waya mmoja ukilegea kazi yote husimama kimyakimya, bila hata ujumbe wa kosa. Unabaki kupapasa nyaya kwa vidole.

Hapo ndipo Gauss-Seidel ilipogeuka mzigo. Nukta ya pili inaingoja ya kwanza, ya tatu inaingoja ya pili. Ni nauli ndani ya daladala iliyojaa: inapita mkono kwa mkono kutoka siti ya nyuma hadi kwa konda, na mikono mingine yote haina kazi. Kwa Jacobi hakuna anayemngoja mwenzake ndani ya raundi. Raundi ni nyingi zaidi, lakini zinakwisha upesi. Wapo walioinusuru Gauss-Seidel kwa kupaka nukta rangi mbili kwa kupokezana, nyekundu na nyeusi: nyekundu zote zinakokotolewa kwa pamoja, kisha nyeusi zote. Kazi haikuongezeka hata chembe, mpangilio tu ndio uliobadilika. Niliupenda ujanja huo kuliko mashine zenyewe.

Wakati wa chai ubishi ulimhusu Amdahl. Tangu 1967 hoja yake ilikuwa ngumu kuruka: ikiwa asilimia 5 ya kazi haigawanyiki, hata ukiwa na prosesa milioni hutapata kasi ya zaidi ya mara 20 ya prosesa moja. Mwaka 1985 Alan Karp aliweka dau la dola 100 kwa yeyote atakayefikisha mara 200 kwenye kazi ya kweli. Mwaka 1988 Gustafson, Montry na Benner wa maabara ya Sandia, Marekani, wakatangaza kasi ya zaidi ya mara 1,000 kwa prosesa 1,024. Dau wakalichukua. Hesabu ya Amdahl hawakuigusa. Walichobadili ni swali. Mtu akipewa mashine kubwa, walisema, hafanyi tatizo lilelile kwa haraka, hufanya tatizo kubwa zaidi. Baadhi yetu waliita huko kuhamisha goli. Mimi nilikuwa upande wa Sandia, na niko huko mpaka leo: mtabiri gani wa hali ya hewa akipewa kompyuta mpya atabaki na gridi ya zamani?

Mwaka 1994 lilitoka toleo la kwanza la MPI, utaratibu mmoja wa kutumiana ujumbe kwa mashine zote. Kabla yake kila mtengenezaji alikuwa na amri zake, na kampuni ikifa programu zinaifuata kaburini. Mwaka huohuo, kwenye kituo cha NASA cha Goddard, Sterling na Becker waliunganisha kompyuta 16 za kawaida wakaziita Beowulf. Hilo ndilo lililotufikia sisi wengine. Idara isiyo na ndoto ya kununua kompyuta kuu ya Cray iliweza kupanga kompyuta za mezani chumbani na kufundisha, mradi umeme usikatike.

Jambo moja hunichekesha. Orodha ya kompyuta zenye kasi zaidi, Top500, iliyoanza 1993, bado inapanga mashine kwa LINPACK, yaani kwa kutatua matriksi iliyojaa namba, wakati matriksi tunazokutana nazo kazini mara nyingi ni sifuri tupu na namba chache hapa na pale. Kwa matriksi za aina hiyo prosesa za kisasa humaliza kuzidisha zamani, zikaketi kusubiri namba kutoka kwenye kumbukumbu.

Gharama sasa ni kusubiri, na ndiyo maana siku hizi ninasomesha makala ya Chazan na Miranker ya 1969, iliyoonyesha masharti ambayo chini yake kila prosesa inaweza kutumia thamani yoyote iliyonayo, mpya au iliyochacha, bila kumngoja mtu, na bado jibu likafikiwa. Bei yake wanafunzi huigundua wenyewe. “Mwalimu, jibu limebadilika tena.” Nawaandikia ubaoni: 1 jumlisha 10¹⁶, toa 10¹⁶. Kompyuta ikianza na kujumlisha inatoa 0. Ikianza na kutoa 10¹⁶ kutoka 10¹⁶ inatoa 1. Mpangilio ukiwa haujulikani, tarakimu za mwisho nazo hazijulikani. Basi nawatuma waendeshe programu tena na tena kwa idadi tofauti za prosesa, waniletee tarakimu zilizobaki palepale. Hizo ndizo ninazowaruhusu kuandika kwenye tasnifu.