Kiganja Juu ya Majibu Manne

Nilistaafu ualimu mwaka 2023, mwaka ule ule watahiniwa wa mwisho wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, walipoketi. Mtihani ulioanza mwaka 1985 ulizikwa, nami nikaondoka na sanduku la karatasi zake za hesabu, zimejaa alama za penseli yangu. Nataka kusema nilichokiona humo kabla mchwa hawajalifikia.

Nilizaliwa kwa wafugaji Waorma, huku huku Bangale. Baba hakuhesabu ng'ombe wake. Aliwatambua kwa rangi na pembe, na jioni aliyekosekana alimjua kabla zizi halijafungwa. Nilifanya CPE, mtihani uliotangulia KCPE, darasa la saba, nikasomea ualimu, nikarudi nyumbani na chaki.

Aliyenifundisha kufundisha ni mwalimu mkuu wangu wa kwanza, Mpokomo wa upande wa Garsen, sasa marehemu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba majibu ya makosa katika maswali 50 ya karatasi ya hesabu hayatungwi ovyo. Aliandika ubaoni: mbuzi kanunuliwa kwa shilingi 4,800, kauzwa kwa 6,000, faida ni asilimia ngapi? Akaweka A 20, B 25, C 80, D 125. Kisha akaniuliza, “Mwalimu, nani huchagua 20?” Anayegawanya faida kwa bei ya kuuzia. Na 80? Anayelinganisha bei mbili akaisahau faida. Na 125? Huyo huyo, kinyumenyume. Kila kosa la mtoto lilikuwa limewekewa kiti. Akiliona jibu lake pale, hana shaka tena: anachora mstari ndani ya kisanduku, anasonga mbele.

Dawa ya mwalimu mkuu huyo ilikuwa kiganja. Soma swali, funika majibu manne, fanya hesabu pembeni, andika jibu na kipimo chake, ndipo ufunue. Ulilopata lisipokuwapo, umejua mapema kwamba umepotea.

Naibu mmoja niliyefanya naye kazi baadaye alikipinga kiganja hicho miaka yote. Dakika 120 kwa maswali 50, alisema, ni dakika mbili na sekunde 24 kwa kila swali. Mtoto aanzie kwenye majibu, apachike moja moja mpaka likubali. Nami nakubali kwamba kwa 3x − 7 = 20 kupachika ni njia halali, na 9 itajitokeza yenyewe. Lakini pachika 20 kwenye swali la mbuzi. Asilimia 20 ya 6,000 ni 1,200, ndiyo faida yenyewe! Jibu la uongo limekubali, kwa kuwa mtoto amelipima kwa kosa lile lile lililolizaa. Nilimwonyesha hayo ubaoni, mbele ya walimu wenzetu. Alisema tunapoteza muda.

Kosa lililoniuma kuliko yote halikuwa la hesabu. Msichana wangu mmoja, hodari, aliruka swali la 17 ili alirudie, akaweka jibu la 18 kwenye mstari wa 17, akaendelea hivyo. Alipomaliza swali la 50 akaona mstari wa mwisho uko wazi. Visanduku 33 vilikuwa vimehama. Alifuta kwa raba, mikono inatetemeka, mpaka muda ukaisha. Mimi ndiye niliyemwambia aruke maswali magumu. Sikumwambia afanyeje kwenye karatasi ya majibu. Tangu mwaka ule wanafunzi wangu walizungushia jibu kwenye karatasi ya maswali kwanza, wakahamisha kumi kumi, kila mmoja akitaja nambari ya swali moyoni. Kumi la pili lisipoishia 20, simama hapo hapo.

Walimu vijana, nawasihi. Mitihani ya darasa la sita na la tisa bado ina majibu ya kuchagua, nanyi mnawakaririsha watoto karatasi za zamani hadi usiku. Watoeni nje! Boma la mita 40 kwa 25, nguzo kila mita 5, linataka nguzo 26. Ua ulionyooka wa mita hizo hizo 130 unataka 27. Mtoto wa Bangale aliyelizunguka boma kwa miguu yake hawezi kusahau kwa nini. Na saa mfundisheni taratibu: nyumbani ni saa nne na dakika 45 usiku, karatasini ni 10.45, na 4.45 itakuwa imewekwa pale ikimngojea.

Yule naibu naye amestaafu, anafanya biashara ya mbuzi. Tulikutana mnadani Garissa. Baada ya salamu nikamuuliza, “Mzee, yule beberu umepata faida ya asilimia ngapi?” Alitazama chini kidogo, vidole vikitembea, akataja jibu. Alikuwa amegawanya kwa bei ya kununulia, na hapakuwa na A wala B mbele yake.