Jumapili za Majestic

Ukitoka Mnazi Mmoja ukashika njia ya Vuga kuelekea Mji Mkongwe, utalipita jengo la sinema ya Majestic. Kijana wa leo hulipita akadhani ni ghala lililosahauliwa. Sisi tuliokulia Unguja mwishoni mwa miaka ya 1970 hatuwezi kulipita kimya. Lazima mmoja atasema, "Hapa ndipo tulipoiona Sholay," na mwengine atabisha kuwa Sholay ilikuwa Malindi, na ubishi huo utawafikisha hadi nyumbani.

Mji ulikuwa na sinema tatu. Empire ilikuwa karibu na soko la Darajani. Malindi palikuwa na Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi ilibadilishwa jina ikawa Cine Afrique. Ya tatu ndiyo Majestic, na kwa sisi watu wa Kikwajuni ndiyo iliyokuwa yetu, kwa sababu tuliweza kwenda na kurudi kwa miguu hata usiku.

Wazee walikuwa wakituambia kwamba jengo lile si la kwanza mahali pale. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1921 likiitwa Royal. Mwenyewe alikuwa Hassanali Adamji Jariwalla, mfanyabiashara wa hapa hapa Unguja, na aliyelichora ni John Sinclair, Mwingereza ambaye majengo yake mengine bado yamesimama mjini. Enzi hizo picha zilikuwa bubu. Picha ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, Alam Ara, ilitoka mwaka 1931, na tangu hapo watu wa Unguja wakaanza kusikia, si kuona tu. Royal ikaja kuitwa Majestic, ikaungua moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1955 likafunguliwa jengo jipya, hili la uso wa saruji ulionyooka tunaloliona sasa.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yake. Baada ya sala ya alasiri nyumba nzima ilinukia udi na nguo zilizopigwa pasi ya mkaa. Shangazi yangu alikuwa na kanzu moja ya hariri aliyoitenga kwa ajili ya harusi na sinema, na mara nyingi sinema ilitangulia. Vijana wa mtaani walivaa suruali za bugaluu, wakaziacha nywele zikatelemka mbele kama za mwigizaji Rajesh Khanna, roho zao zikiwa juu wasije wakakutana na wale waliopewa kazi ya kukagua upana wa suruali za watu. Ilikuwa miaka ya dhiki. Mchele, sukari na unga tulivipangia foleni tangu alfajiri, lakini sijapata kumsikia mtu Kikwajuni akisema kakosa pesa ya sinema. Walichokosa ni tiketi. Picha ikiwa mpya, dirisha la tiketi lilifungwa mapema, na pale nje walanguzi wakaanza kupita wakinong'ona bei.

Nje kulikuwa na dunia nyingine kabisa: njugu za kukaanga kwenye vikaratasi vilivyokunjwa pembe, kachori za moto, bajia, na muuza tambuu aliyekuwa akipaka chokaa kwenye jani bila ya kulitazama. Waliokosa tiketi hawakurudi nyumbani. Walibaki pale pale wakisikiliza nyimbo zinazovuja mlangoni, wakijua kuwa watu wakitoka watasimuliwa kila kitu.

Ndani kulikuwa na chini na juu. Chini walikaa vijana, wapiga miluzi, wenye kujibizana na skrini. Juu walikaa familia na wanawake waliotaka kulia kwa nafasi. Jambo ambalo watoto tulilistaajabia kuliko picha yenyewe ni safari ya mikanda. Kopi ya picha ilikuwa moja, na ikiwa inaonyeshwa sinema mbili usiku mmoja, mkanda ukimalizika huku hukimbizwa kule kwa baiskeli. Kijana wa kazi hiyo alikata vichochoro na makopo ya mikanda yamefungwa nyuma. Akichelewa, taa ziliwashwa, na chini wakaanza kupiga miguu sakafuni: "Mkanda! Mkanda!" Akifika, alishangiliwa kuliko stelingi mwenyewe.

Jambo moja wageni huwa hawaliamini nikiwasimulia: picha zile zilikuwa kwa Kihindi, mwanzo hadi mwisho, na nyingi hazikuwa na maandishi chini. Hapakuwa na mtu aliyesimama mbele kutufasiria. Saa tatu nzima watu walikaa wakisikiliza lugha ambayo si ya nyumbani kwao, wakacheka panapochekesha na wakalia panapoliza.

Wengi hudhani kwamba Wahindi wa Unguja ndio waliokuwa wakiwafasiria wenzao. Sivyo. Wahindi wetu nyumbani kwao walisema Kikachi au Kigujarati, na wale wa Goa walikuwa na lugha yao. Kihindi cha picha, kilichochanganywa na Kiurdu cha mashairi, wengi wao walikipata kwenye viti vile vile tulivyokipatia sisi. Kwa hiyo usiku wa Jumapili ukumbi ulijaa watu mia kadhaa na karibu wote walikuwa wageni wa lugha inayosemwa. Hapakuwa na mwenyeji wa kutucheka. Kila mtu aliokota alichokielewa akampa aliyekaa ubavuni pake.

Shangazi yangu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alianza kwenda sinema katika miaka ya 1950 kwenye maonyesho ya zanana, yaliyokuwa ya wanawake peke yao, mchana. Baibui zilivuliwa humo ndani, watoto wachanga wakanyonyeshwa, na aliyetaka kuimba aliimba. Hakusoma Kihindi popote. Alikuwa na maneno aliyokusanya katika nyimbo, na pale maneno yalipokwisha alitumia akili yake. Shoga yake, jirani yetu, naye alikuwa na akili yake, na wawili wale hawakupata kukubaliana.

Nakumbuka usiku waliporudisha Mother India. Picha ni ya mwaka 1957, ya Mehboob Khan, na wao walikuwa wameshaiona zamani, lakini walisema mtoto wa kwao hawezi kukua bila kuiona. Nargis ni Radha, mke wa mkulima. Mkwewe alikopa fedha za harusi kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, na kwa kuwa hajui kusoma, akatia dole gumba kwenye karatasi asiyojua imeandikwa nini. Kuanzia hapo robo tatu ya mavuno ni ya Sukhilala. Ng'ombe wanakwenda, bangili za dhahabu zinakwenda, mume anapondwa mikono na jiwe kisha anaondoka kwa aibu, mafuriko yanakuja, mtoto mchanga anakufa. Radha anamwendea Sukhilala akiwa amejaa matope, wanawe wana njaa, na yule mzee anamtazama kwa namna ambayo haihitaji lugha.

"Anamwambia nini?" nikauliza.

"Anamwambia, ng'ombe umechukua, mazao umechukua, heshima yangu huipati," akasema shangazi.

"Wee, hakusema hivyo," akadakia shoga yake.

"Kasemaje basi?"

"Kasema Mungu anakuona."

"Basi si ndiyo hiyo hiyo!"

Mzee mmoja wa Kihindi aliyekaa safu ya mbele yetu aligeuka. Nikadhani atatunyamazisha. "Wote wawili kweli," akasema kwa Kiswahili chake, kisha akaendelea kufuta macho.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kwa nini shangazi hakuhitaji mkalimani usiku ule. Baba yake, babu yangu, alikuwa na shamba dogo la mikarafuu, na shamba hilo lilikwenda kwa rehani. Hakuwa peke yake. Miaka ya 1930 bei ya karafuu ilianguka na wenye mashamba wakazama katika madeni, hadi mwaka 1934 serikali ikatunga sheria za kuzuia ardhi isiwahamie wakopeshaji. Ugomvi ule ukaendelea hadi mwaka 1937, wafanyabiashara wa Kihindi walipogoma kununua karafuu. Bibi yangu alitoa bangili zake kama Radha alivyotoa zake, na hazikurudi. Dole gumba kwenye karatasi, hesabu isiyokwisha, mzee mwenye daftari: hayo shangazi aliyaona kwa macho kabla hajayaona kwenye skrini. Na yule mzee wa safu ya mbele, ambaye huenda watu wa ukoo wake ndio waliokuwa wakishika madaftari, naye alimlilia Radha. Hotuba gani ya mwanasiasa ingeweza kuwakalisha wawili hao pamoja wamlilie mtu mmoja?

Mwisho wa picha ile ulitukasirisha watoto. Mtaani tulikuwa na sheria: stelingi hafi. Birju, mtoto mtukutu wa Radha, anamuua Sukhilala na kumteka binti yake siku ya harusi, na mama mtu ananyanyua bunduki anampiga mwanawe mwenyewe. Birju anakufa akimkabidhi mama yake zile bangili zake. Tulitoka kimya. Tulipofika viwanja vya Mnazi Mmoja, shangazi na shoga yake wakaanza.

"Mimi mwanangu nisingempiga."

"Ungemwacha abebe mtoto wa watu?"

"Ningemkamata mguu."

"Yupo juu ya farasi, utamkamata mguu gani?"

"Mama hakosi njia."

"Na mama wa yule binti, yeye akose?"

Shangazi hakujibu. Mjadala ule uliendelea wiki nzima: kisimani, kwenye foleni ya sukari, kwenye msiba. Wanawake ambao hakuna hata sentensi moja ya Kihindi iliyowaingia kamili walikuwa wakijadili haki, huruma na mipaka ya mapenzi ya mama kwa undani ambao sijausikia katika semina nyingi nilizokaa baadaye.

Nyimbo ndizo zilizobaki muda mrefu zaidi. Njia ya muziki kati ya Unguja na Bombay ni ya zamani kuliko sinema yenye sauti: Siti binti Saad alikwenda huko kurekodi mwaka 1928. Sinema iliipanua njia hiyo. Mombasa, Juma Bhalo alijulikana pwani nzima kwa mashairi ya Kiswahili aliyoyaimba kwa mahadhi ya Kihindi, na kwenye harusi zetu hakuna aliyeuliza sauti ile imetoka picha gani, kwa sababu kila mtu alijua. Mohammed Rafi, mwimbaji wa picha za Kihindi, alipofariki Julai 1980, kinyozi wetu wa Kikwajuni alizima redio, akanyoa siku ile bila ya kusema neno. Hakuwa amepata kutoka kisiwani.

Kihindi hakikuwa peke yake. Wakubwa wetu walizikumbuka picha za Misri, zenye sauti za Umm Kulthum na Farid al-Atrash, na waliozielewa vizuri zaidi walikuwa wenye Kiarabu cha Oman na waliosoma vyuoni, nao wakajikuta wakiwafasiria jirani zao. Kisha ikaja zamu ya Bruce Lee, na chini kule hakuna aliyejali anasema lugha gani.

Sinema hazikuuawa na kitu kimoja. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, miaka ishirini na ushei kabla ya Bara kupata yake. Miaka ya 1980 ikaingia video, na picha ikaanza kutazamwa sebuleni na watu wanane badala ya mia kadhaa. Vifaa vya sinema vilichakaa na fedha za kigeni za kuagizia vipuri hazikuwepo. Majestic ilijikokota, ikaonyesha chochote kilichopatikana, hadi paa likaanguka.

Huko Dar es Salaam akatokea Lufufu, aliyesimulia picha za kigeni kwa sauti yake mwenyewe juu ya sauti za waigizaji, na vibanda vya video vikajaa. Leo tamthilia za Kituruki na za Kihindi zinaingia nyumbani zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili. Silaumu. Kazi ile ina ufundi wake, na mama aliyechoka na shughuli za siku ana haki ya kuelewa bila kutaabika. Lakini kuna kitu kimepotea. Ukipewa kila neno tayari, humhitaji jirani. Huinami kumuuliza, hubishani naye, na yule mtu wa mbali aliyeko kwenye skrini hapati nafasi ya kusema kwa sauti yake mwenyewe. Majestic ilitufundisha kumsikiliza mtu kabla hatujamwelewa, na kuamini kwamba tukitulia tutamwelewa. Mji wenye dini nyingi, makabila mengi na majeraha mengi ulilihitaji somo hilo, na bado unalihitaji.

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na juhudi za kuiokoa Majestic zimekuwepo. Naomba jambo moja tu kwa wenye mamlaka na wenye fedha: likikarabatiwa, lisigeuzwe duka la vinyago wala ukumbi wa wageni peke yao. Liwe sinema. Tiketi iwe ya bei ambayo mwanafunzi wa Kikwajuni anaimudu, Jumapili iachiwe familia, na picha zionyeshwe kwa lugha zake zenyewe, za Kihindi kwa Kihindi, za Misri kwa Kiarabu, na zetu kwa Kiswahili.

Nawe msomaji, kama nyumbani una mzee aliyepata kukaa chini ya paa lile, muulize aliona picha gani na nani alimfasiria. Muulize mapema, kwa sababu waliobaki ni wachache.